Magadi ya Ziwa Natron: uchambuzi wa kisa cha mashauriano yaliyochelewa kuvuka mpaka

Kabla ya kisa

Uchambuzi huu umeandikwa kwa ajili ya maofisa mazingira, wanasheria na viongozi wa vijiji ambao mezani mwao hufika, mara kwa mara, mradi wa madini ulio karibu na mpaka wa nchi. Kisa chenyewe ni cha mradi wa kuzalisha magadi katika Ziwa Natron, Tanzania, uliopingwa pia kutoka Kenya. Majina ya kampuni ya nje iliyokuwa mbia, ya washauri walioandika taarifa ya tathmini ya athari kwa mazingira na ya watu binafsi waliohusika yameondolewa, kwa sababu mengi ya makosa yanayojadiliwa hapa yangefanywa na mtu yeyote aliyekalia viti vyao. Jina la ziwa limebaki. Afrika Mashariki haina ziwa la pili ambalo heroe wadogo, ambao wengi wetu huwaita flamingo, huzaliana kwa kawaida, na kulificha kungekuwa sawa na kuuficha Kilimanjaro kwa kuuita "mlima mmoja wenye theluji".

Ziwa, mto na ndege

Ziwa Natron liko kaskazini mwa Tanzania, katika Mkoa wa Arusha, kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, na ncha yake ya kaskazini inakaribia kabisa mpaka wa Kenya. Ni ziwa pana lisilo na kina. Maji yake hayafiki mita 3 sehemu kubwa, na hakuna mto unaotoka ndani yake. Kinachoingia huondoka kwa njia ya jua tu, nacho huacha magadi, yale yale ambayo kina mama hutia kwenye maharage ili yaive upesi na wazee wa Kimaasai huchanganya na tumbaku ya ugoro. Upande wa kusini umesimama Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano ambao jina lake kwa Kimaasai ni Mlima wa Mungu, na ambao lava yake yenyewe ina asili ya magadi.

Maji ya ziwa hutoka sehemu mbili. Ya kwanza ni chemchemi za moto zilizo kando yake. Ya pili ni Mto Ewaso Ng'iro Kusini, unaoanzia katika nyanda za juu za Mau nchini Kenya, ukashuka bondeni, ukapita kwenye kinamasi cha Engare Ng'iro karibu na Shompole, na hapo ndipo unapovuka mpaka na kuingia ziwani. Kwa hiyo, kabla ya kuzungumza juu ya madini yoyote, nchi hizi mbili zilikuwa tayari zimefungwa pamoja na mto: Kenya iko mkondo wa juu, Tanzania iko mkondo wa chini.

Ndege nao hukiuka utaratibu huo. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki hukadiriwa kuwa kati ya milioni 1.5 na 2.5, takriban asilimia 75 ya heroe wadogo wote duniani. Hula katika maziwa mengi, yakiwemo Nakuru, Bogoria na Elementaita nchini Kenya, na husafiri usiku kutoka ziwa moja hadi jingine. Kutaga, hata hivyo, huja Natron. Jike hutaga yai moja, juu ya kichuguu cha tope la magadi kinachofinyangwa kwa mdomo, katikati ya tambarare ambayo fisi na bweha hawaifikii kwa kuwa tope lake huunguza. Mtafiti aliyejaribu kuvifikia viota hivyo kwa miguu katika miaka ya 1950 alichubuliwa ngozi na magadi hata akaishia kulazwa hospitali. Mwaka 1962, Natron lilipofurika, heroe walihamia Ziwa Magadi la Kenya kutaga, na makinda kwa maelfu wakagandiwa na magadi miguuni kama waliofungwa pingu, ikabidi watu waingie ziwani kuzivunja. Tukio hilo linafaa kukumbukwa kila anaposimama mtu mkutanoni na kusema kwamba ndege wana mabawa, wakisumbuliwa hapa watakwenda pengine.

Ziwa Magadi lina umuhimu wa pili katika kisa hiki. Magadi yamekuwa yakichimbwa huko kibiashara tangu mwaka 1911, na mji mzima umesimama juu ya shughuli hiyo. Msomaji wa Tanzania huuliza, na ana haki ya kuuliza: kwa nini jirani achimbe karne nzima, nasi tuzuiwe kwa ajili ya ndege?

Mfuatano wa matukio

Tanzania ilikuwa imeliandikisha bonde la Ziwa Natron katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar tarehe 4 Julai 2001. Eneo lililoandikishwa ni hekta 224,781. Uamuzi huo ulifanywa kwa hiari ya nchi yenyewe, nao ndio uliogeuka kuwa mhimili wa mjadala miaka michache baadaye.

Mnamo mwaka 2006 na 2007, Shirika la Maendeleo ya Taifa na mbia wake wa nje walisukuma mbele mradi wa kuzalisha magadi kiasi cha tani 500,000 kwa mwaka. Mpango ulikuwa kuyavuta maji ya magadi kwa mabomba kutoka ziwani, kuyapeleka kwenye kiwanda kando ya ziwa, kujenga makazi ya wafanyakazi, na kuboresha barabara na reli ili mzigo ufike bandarini. Soko lilikuwepo, kwa kuwa magadi hutumika kutengeneza vioo, sabuni na bidhaa nyingine nyingi za viwandani.

Taarifa ya tathmini ya athari kwa mazingira ilitolewa mwaka 2007. Ilipokelewa vibaya. Wataalamu wa ndege na wa maji, asasi za uhifadhi za Tanzania na za Kenya, na mashirika ya kimataifa ya uhifadhi wa ndege walidai kwamba haikuchunguza vya kutosha mwenendo wa maji ya ziwa, haikupima njia mbadala kwa uzito unaostahili, na iliwagusa heroe kijuujuu. Kutoka Kenya kulisikika hoja nyingine, ambayo ndiyo kiini cha kisa hiki: kwamba mradi ungeathiri ndege wanaotegemewa na hifadhi na utalii wa upande huo, na kwamba upande huo haukushirikishwa mapema. Mwaka huo huo, mwezi Septemba, Ol Doinyo Lengai ulilipuka na kumwaga majivu. Tukio hilo halikuhusiana na mradi, lakini lilitosha kumkumbusha kila mtu jinsi ardhi yenyewe ya mahali pale isivyotulia.

Novemba 2007 wadau walikutana Dar es Salaam kuijadili taarifa, na ikadhihirika kwamba isingepita jinsi ilivyokuwa. Februari 2008 ujumbe wa ushauri wa Mkataba wa Ramsar ulifika Tanzania, ukatembelea eneo, na kupendekeza kwamba uamuzi wa mradi usubiri mpango jumuishi wa usimamizi wa ardhioevu hiyo. Katika mwaka huo huo mbia wa nje alijiondoa.

Wazo halikufa. Mwaka 2011 Rais Jakaya Kikwete alizungumza hadharani akitaka uchimbaji wa magadi ya Natron uharakishwe, na malumbano yakaanza upya karibu pale pale yalipoachwa. Baadaye macho ya Shirika la Maendeleo ya Taifa yakaelekezwa zaidi kwenye bonde la Engaruka, kusini mwa Natron, ambako kuna maji ya magadi chini ya ardhi.

Maamuzi, na kwa nini yalionekana ya busara wakati huo

Uamuzi wa kwanza uliozaa mengine yote ulikuwa wa kuchora duara. Kila tathmini huanza kwa kuweka mipaka ya eneo la utafiti katika hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi ya mshauri, na desturi ya mshauri yeyote ni kuanzia kwenye kiwanda: eneo la ujenzi, njia ya mabomba, barabara, vijiji vya jirani. Duara la namna hiyo ni rahisi kulipia na rahisi kulitetea mbele ya mwekezaji. Likichorwa hivyo, athari za nje ya nchi huwa aya chache mwishoni mwa sura. Angeanzia kwenye ndege badala ya kiwanda, mshauri angelazimika kuingiza Nakuru na Bogoria ndani ya duara. Angeanzia kwenye maji, angefika Mau.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa kumtafsiri mdau kuwa ni mwananchi aliyeathirika ndani ya Tanzania. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilikuwa bado mpya, kanuni zake za tathmini zilitoka mwaka 2005, na maofisa walikuwa wakijifunza kuzitumia kwa miradi mikubwa. Kumwalika mtu kutoka nchi nyingine katika mchakato ambao haujazoeleka hata nyumbani kungeonekana ni kujitafutia matatizo. Tena kulikuwa na hisia ya uhuru wa nchi: rasilimali ni yetu, ziwa ni letu, iweje tuombe ruhusa? Hisia hiyo ni halali. Kasoro yake ni kwamba kutoa taarifa na kushauriana si kuomba ruhusa, na pale tofauti hiyo isipoelezwa waziwazi tangu siku ya kwanza, kila ombi la taarifa husikika kama amri ya jirani.

Upande wa Kenya nao ulifanya uamuzi wake. Nguvu kubwa ilionekana katika magazeti, katika asasi za uhifadhi na katika majukwaa ya kimataifa, na ilionekana kidogo sana katika njia rasmi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sababu yake inaeleweka: magazeti hujibu ndani ya siku moja, na vikao vya Jumuiya huchukua miezi. Lakini njia hiyo iliwapa watetezi wa mradi hoja nzito ya ndani, kwamba nchi yenye mgodi wake wa magadi haitaki mshindani.

Uamuzi ambao naona haujasifiwa vya kutosha ni wa serikali ya Tanzania kuupokea ujumbe wa Ramsar. Ujumbe wa aina hiyo huja kwa ridhaa ya nchi husika, hauji kwa nguvu. Kwa kuukaribisha, serikali ilipata mtu wa tatu ambaye si Kenya, si asasi za uhifadhi na si mwekezaji, na ushauri wake ungeweza kufuatwa bila mtu yeyote kuonekana ameshindwa. Wenye uzoefu wa kusuluhisha migogoro ya malisho wanaijua mbinu hiyo: mzee kutoka ukoo wa tatu.

Matokeo

Kiwanda hakikujengwa kando ya Ziwa Natron, na heroe wameendelea kuzaliana hapo. Mwenye kupima kwa kigezo hicho pekee atasema mambo yalikwenda vizuri. Hata hivyo, mradi ulikwama kwa sababu mbia aliondoka. Haukukwama kwa sababu mamlaka fulani ilipima ushahidi wa pande zote mbili za mpaka na kutoa uamuzi wenye hoja zilizoandikwa. Ndiyo maana mwaka 2011 mjadala ulirudi ukiwa mbichi: hapakuwa na jalada la kufungua na kusema, hoja hii ilikwishajibiwa hivi, kwa sababu hizi.

Uchambuzi: sheria ilikuwepo, dawati halikuwepo

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kana kwamba kilitokea katika ombwe la kisheria, na wasimuliaji hutaja kwamba Tanzania na Kenya si wanachama wa Mkataba wa Espoo wa mwaka 1991, ambao ndio unaoeleza hatua kwa hatua jinsi nchi inavyomtaarifu jirani kuhusu mradi wenye athari za kuvuka mpaka. Hutajwa pia kwamba itifaki ya mazingira ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyotiwa saini mwaka 2006, ilikuwa haijaanza kutumika. Yote mawili ni kweli, na yote mawili hayatoshi kuwa udhuru. Mkataba wenyewe wa kuanzisha Jumuiya, uliotiwa saini Novemba 1999 na kuanza kutumika Julai 2000, unazitaka nchi wanachama katika ibara ya 111 kupeana taarifa mapema kuhusu shughuli zinazoweza kuwa na athari kubwa za kimazingira kuvuka mipaka, na kushauriana katika hatua za awali. Ibara ya 5 ya Mkataba wa Ramsar nayo inazitaka nchi kushauriana pale ambapo mfumo wa maji unatumiwa kwa pamoja, na mfumo wa Natron unaanzia Kenya. Nchi zote mbili zilikuwa zimefungwa na mikataba hiyo miwili kabla mradi haujaandikwa.

Kilichokosekana ni mtu ambaye kazi yake ingekuwa kuandika barua, na mtu wa upande wa pili ambaye kazi yake ingekuwa kuijibu. Mwekezaji huandikia Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Baraza huongea na wizara na halmashauri za nchini. Wizara ya mambo ya nje, ambayo ndiyo yenye desturi ya kuandikiana na Nairobi, huwa haina habari kwamba kuna hadidu za rejea zinazoandaliwa Arusha. Wajibu uliopo kwenye mkataba bila kupangiwa dawati hubaki kuwa wajibu wa kila mtu, na hivyo hauwi wa mtu yeyote.

Muda wa barua hiyo ungekuwa muhimu kuliko urefu wake. Kurasa mbili zilizotumwa wakati hadidu za rejea zinaandaliwa, zikieleza mahali, kiasi cha uzalishaji, chanzo cha maji baridi, na maswali manne au matano ambayo mshauri amekusudia kuyachunguza, zingempa jirani nafasi ya kusema: ongezeni hesabu za heroe wa Bogoria, ongezeni takwimu za mtiririko wa Ewaso Ng'iro, na hizo tunazo sisi. Jirani anayeombwa takwimu huwa mshiriki wa utafiti. Yule aliyesoma taarifa ikiwa imekwishachapwa hana lililobaki kwake ila kuipinga. Hapa ndipo taarifa ya mwaka 2007 ilipopoteza zaidi, kwa sababu sehemu ya ushahidi iliouhitaji kuhusu maji na ndege ilikuwa upande wa pili wa mpaka.

Hoja ya usawa wa kiuchumi ilishughulikiwa vibaya na pande zote. Watetezi wa ndege waliikwepa, kana kwamba kuitaja Magadi kungewadhoofisha. Ingekuwa afadhali kuikabili: Ziwa Magadi si mahali pa kawaida pa kuzaliana heroe, na tukio la mwaka 1962 linaonyesha walivyoteseka walipolazimika kutagia huko, kwa hiyo kulinganisha maziwa mawili kwa sababu yote yana magadi ni kulinganisha zizi na machinjio kwa sababu yote yana ng'ombe. Baada ya kusema hivyo, lilibaki swali la haki ambalo ndege halijibu: ikiwa Tanzania inaacha mapato ili ziwa liendelee kuzalisha ndege wanaovutia watalii hadi Nakuru, anayefaidika anachangia nini? Swali hilo lilipaswa kuwa ajenda halali ya mashauriano. Kulinyima nafasi rasmi ndiko kulikolifanya litoke kama malalamiko ya pembeni.

Jamii za Kimaasai zinazoishi pande zote mbili zilionekana katika mchakato kama vijiji vya Tanzania na, mbali kidogo, kama vikundi vya Kenya. Hawa ni watu wa lugha moja, wenye ndugu na mifugo inayovuka mpaka kufuata nyasi na maji. Mkutano mmoja wa pamoja, kwa Kimaasai, ungeweza kutoa picha ya matumizi ya maji baridi kuzunguka ziwa ambayo dodoso la kila nchi peke yake halingeitoa, maana ng'ombe anayenywa Tanzania mwezi huu amehesabiwa Kenya mwezi uliopita.

Baada ya kisa hiki, sheria imezidi kuwa wazi. Tarehe 20 Aprili 2010 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika shauri la Argentina dhidi ya Uruguay kuhusu viwanda vya karatasi kwenye mto wa mpakani, ilisema kwamba tathmini ya athari ni wajibu chini ya sheria ya kimataifa ya jumla pale mradi unapoweza kuleta madhara makubwa kuvuka mpaka, hasa kwenye rasilimali ya pamoja, ingawa iliziachia nchi zenyewe kupanga yaliyomo katika tathmini hiyo. Juni 2014 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kupita kaskazini mwa Serengeti, ikiegemea ibara za mazingira za Mkataba wa Jumuiya. Ofisa anayeandaa hadidu za rejea leo hawezi kusema kwamba ibara ya 111 ni maneno mazuri tu.

Zamu ya mkondo wa juu

Kuna jambo ambalo mjadala wa mwaka 2007 uliliacha pembeni, nalo linabadilisha sura ya kisa chote. Kwa miaka mingi Kenya imekuwa na mipango ya mabwawa ya umeme kwenye Ewaso Ng'iro Kusini, katika maeneo ya Oletukat, Leshota na Oldorko, ikiwemo dhana ya kuchepusha sehemu ya maji ya Mto Amala, ambao ni tawi la Mto Mara. Mabwawa hayo yangebadilisha muda na kiasi cha maji baridi yanayoingia Natron, na pia tope linalobebwa nayo, wakati kina cha maji ndicho kinachoamua kama tambarare za magadi zitakuwa kavu kiasi cha kujengwa viota au zitafunikwa. Uchepushaji wa Amala ungepunguza maji ya Mara, ambao nyumbu wa Serengeti huutegemea wakati wa kiangazi. Ukataji wa misitu ya Mau umekwisha kuanza kazi hiyo bila tathmini ya aina yoyote.

Katika miradi hiyo, atakayekuwa akiuliza kwa nini hakutaarifiwa mapema ni Tanzania, na atakayejibu kwamba mto ni wake ni Kenya. Barua ambayo Dar es Salaam ingeiandikia Nairobi mwaka 2006 ingekuwa na thamani yake kubwa hapo, kwa kuwa ingewekwa kwenye jalada kama mfano wa namna majirani hawa wawili wanavyotaarifiana kuhusu ziwa hili, na Nairobi isingeweza kuandika fupi kuliko hiyo.